Oili chafu ina bei, na shida inaanzia hapo

Kaka mmoja mwenye gereji ya malori kanitumia ujumbe wiki iliyopita: wakaguzi wa mazingira wanakuja Jumatatu, naomba makaratasi yenu ya taka hatarishi, mimi nibadilishe jina tu. Sikumtumia, na si uchoyo. Makaratasi yetu yanataja mapipa yetu, tarehe zetu na gari lililobeba. Mkaguzi haanzii kwenye faili, anaanzia uani.

Sisi ukaguzi wa mwaka huu tumeupita bila hoja hata moja. Najidai, ndiyo. Nilipokabidhiwa gereji yetu ya Tabata, Dar es Salaam, mafundi walinipachika jina la Bwana Mazingira, na halikuwa jina la heshima.

Gereji si hospitali, ingawa zote mbili zinatoa taka hatarishi. Sindano iliyotumika hakuna anayeitamani, lakini oili chafu kila mtu anaitaka. Seremala anaitaka apake mbao zisiliwe na mchwa, jirani anataka kuimwaga barabarani vumbi litulie, mwingine ana tanuri lake. Lori kubwa moja likibadilishwa oili linatoa lita 30 hadi 40, kwa hiyo malori matano hadi saba yanatosha kujaza pipa la lita 200. Betri ndiyo usiseme: lori linabeba mbili, na zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, yaani madini yenye soko. Kila jioni palikuwa na mtu wa skrepa getini na mzani wake.

Pesa ile haikufika ofisini. Ilikuwa chai ya mafundi, na mlinzi alikuwa na fungu lake. Nilipotangaza kwamba hakuna betri wala dumu litakalotoka bila saini yangu, nikaambiwa nataka kula peke yangu. Fundi mkuu, mzee niliyekuwa namwamkia kila asubuhi kabla hata sijafungua ofisi, akaacha kuitikia. Liliniuma, na nikisema limekwisha nitakuwa mwongo.

Sikurudi nyuma kwa sababu nilishamwona mtu wa skrepa kazini. Kabla ya kupima alizipindua betri zote mtaroni. Yeye ananunua risasi, maji ya betri ni uzito asiotaka kuulipia. Na yale si maji, ni asidi iliyobeba risasi ndani yake, na mtaro ule unapita nyuma ya nyumba za watu. Anayedhani nakuza mambo akaulize Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri mbovu kilifanya kazi ukutani kwa makazi kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa pale, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana sumu ya risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na hata baada ya hapo kesi ikaendelea kwenye rufaa.

Kwetu dawa ilikuwa kuirudisha chai. Nilimshawishi mwenye mali kwamba hela yote ya oili na betri iingie kwenye mfuko wa mafundi, hesabu ibandikwe ukutani. Alinuna, akakubali. Mnunuzi mwenye kibali cha kubeba taka hizi analipa kidogo kuliko yule wa getini, tusidanganyane. Lakini hela ilipokuwa inaonekana, mafundi wenyewe wakageuka walinzi. Leo ufunguo wa stoo ya betri anao yule yule fundi mkuu. Salamu bado za kikazi.

Sasa wewe unayetaka tenda ya mgodi au ya kampuni kubwa ya usafirishaji, na najua unaitaka kama sisi sote: siku hizi wanauliza oili yenu inakwenda wapi kabla hawajauliza bei. Muulize anayebeba kibali chake. Tanzania tuna Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni zake za taka hatarishi, hili si jambo la kuelewana getini. Kione kibali chenyewe, si picha ya simu, na usome kimetolewa kwa taka gani na kinaisha lini. Kibali cha oili hakibebi betri. Kila mzigo ubaki na karatasi yenye aina, kiasi, namba ya gari, unakokwenda, na saini ya aliyepokea huko mwisho. Saini ya dereva peke yake haitoshi. Na kibali, ndugu yangu, kiulize tena mwaka ukiisha. Ukimwamini mtu kwa sababu anacheka vizuri, mzigo ukikutwa bondeni ni wa kwako.

Hayo mengine ni kazi ya mikono: paa, sakafu ya saruji, na ukingo kuzunguka mapipa unaoweza kushika asilimia 110 ya pipa kubwa kuliko yote. Betri zisimame wima na maji yake ndani. Filta zichuje usiku kucha kabla ya kutupwa.

Na petroli ya kuoshea vyuma isimwagwe kwenye pipa la oili, hata kikombe. Mnunuzi akiinusa atakuachia pipa zima, na gharama ya kuliondoa utalipa wewe.