Walikula Gramu Ngapi, na Mlipimaje?

SWALI: Maabara yetu ya saikolojia inajiandaa kupeleka bango kwenye kongamano, kuhusu msongo wa mawazo na ulaji. Katika majaribio ya awali tuliwapa wanafunzi biskuti kwa kisingizio cha kuonja ladha, kisha tukahesabu walizokula. Tumeonywa kwamba tutabanwa kwa maswali. Tutabanwa wapi?
Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma

JIBU: Kwenye huko kuhesabu. Biskuti 10 zikipangwa sahanini, mlaji naye anazihesabu, anaona haya, anaacha. Zivunjeni vipande vidogo, mjaze mabakuli matatu ya ladha tofauti, kila moja likiwa na chakula kingi kuliko mtu anavyoweza kula kwa dakika 10. Pimeni kila bakuli kabla na baada, kwa mizani inayosoma hadi gramu 1, mshiriki akiwa hayupo. Makombo yaliyodondoka mezani yarudisheni bakulini kwanza, la sivyo yatahesabika kuwa yameliwa.

Halafu njaa. Wote waje saa zilezile, wakiwa hawajala kwa saa 3. Swali la njaa (mstari wa milimita 100, kutoka kutokuwa na njaa hadi njaa kali, anaoutia alama) lichanganywe na maswali ya uchovu na hisia, lisijitokeze. Urefu, uzito na maswali ya kujinyima kula yawe mwisho kabisa. Ukimpandisha mtu kwenye mizani mwanzoni, geresha imekwisha. Mzio wa karanga, maziwa na ngano, lakini, uulizwe kabla hajaonja chochote.

Hayo ya kujinyima msiyaruke. Mwaka 1975 watafiti wa saikolojia Peter Herman na Deborah Mack waliwanywesha washiriki milksheki, kisha wakawapa aiskrimu waionje. Wasiojinyima walikula kidogo baada ya kunywa. Waliozoea kujinyima wakazidisha. Mkiwaweka wote kapu moja, athari hizo mbili zinafutana na wastani utaonyesha hakuna kilichotokea.

Kabla ya kumweleza mshiriki lengo halisi, muulizeni anadhani utafiti ulihusu nini. Waliogundua ni wangapi? Andikeni kwenye bango; wenzenu watauliza tu.

Kwenye grafu, kila mshiriki awe na nukta yake, maana walaji wawili watatu wakubwa huvuta wastani juu. Toeni gramu kwanza, ndipo kilokalori: gramu alizokula, mara kilokalori za gramu 100 za chakula hicho, gawanya kwa 100, kila ladha peke yake.

Na mkipima mambo matano likakubali moja, tajeni yote matano. Uwanja huu umeumwa na nyoka: Septemba 2018 majarida ya kitabibu ya JAMA, ya Marekani, yalifuta kwa mpigo makala 6 za Brian Wansink, mtafiti wa ulaji wa Chuo Kikuu cha Cornell, na uchunguzi wa chuo ukakuta alipotosha data. Ndiyo maana mtaombwa data ghafi mkiwa mmesimama hapohapo. Ondoeni majina, mziweke mtandaoni, na msimbo wa QR ukae pembeni mwa grafu.