Watamu na Watoto: Panga Likizo kwa Kufuata Maji

Kabla hujalipia nyumba Watamu, pwani ya Kenya, angalia mwezi utaandama lini na utapevuka lini. Wazazi wengi hupanga safari kwa bei ya chumba na ruhusa ya kazini, kisha wanafika na kukuta bahari ina ratiba yake. Ukiifuata ratiba hiyo, likizo inatulia yenyewe.

Bustani za matumbawe za Watamu haziko mbali na ufuo, na mtoto huziona vizuri maji yakiwa yamekupwa na kutulia. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hufika mwisho wa kupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Kwa familia sijui saa iliyo bora kuliko hiyo. Watoto wameshiba mahamri na mbaazi, hakuna aliyeamshwa kwa nguvu, na jua la utosi bado. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kupwa huangukia alfajiri na tena jioni, na utajikuta unawakimbiza watoto wenye usingizi hadi kwenye boti. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ukifika siku moja kabla ya bamvua unapata asubuhi nzuri kadhaa mfululizo.

Ila bamvua lina nguvu. Maji yakianza kujaa, mkondo unavuta. Ingieni yakiwa yanamalizia kupwa, na mtoke mara yanapoanza kurudi. Jioni ya kuamkia safari, muulize nahodha kesho maji yanakupwa saa ngapi. Nahodha wa kweli hujibu hapo hapo bila kutazama simu, na huyo ndiye wa kumkabidhi watoto wako.

Kuhusu msimu, likizo ya Aprili ina masika, na ya Agosti huangukia wakati wa kusi, upepo wa kusini: bahari inachafuka, mwani unajaa ufuoni, na chini ya maji huoni mbali. Mimi huchagua Novemba, shule zikishafungwa na kabla ya msongamano wa Krismasi. Mvua za vuli zinaweza kunyesha, lakini kwa kawaida hupita, na kaskazi, upepo wa kaskazini, ikiingia maji yanakuwa safi.

Sasa miwani ya majini na mrija wa kupumulia. Hapa msiharakishe hata kidogo, maana mtoto akimeza maji ya chumvi siku ya kwanza, huenda asirudi tena baharini likizo nzima. Wetu walianzia kwenye beseni nyumbani Nairobi: uso ndani ya maji, kupumua polepole kwa mdomo, kuinuka, kucheka, kurudia. Miwani ijaribiwe dukani. Iweke usoni bila mkanda, mtoto avute pumzi kwa pua. Ikijishika yenyewe, inamfaa. Ikianguka, iache hata kama ni ya bei nzuri. Nywele zisibaki chini ya mpira. Mate yakipakwa kwenye kioo na kusuuzwa huzuia ukungu. Zile barakoa zinazofunika uso mzima siwapi watoto wangu, kwa sababu maji yakiingia ni vigumu kuivua haraka.

Mkifika Watamu, siku ya kwanza msipande boti. Kaeni kwenye maji ya kiunoni mbele ya ufuo, mtoto ajifunze kulala kifudifudi huku umemshika tumbo. Siku ya boti kila mtoto avae jaketi la kuokolea hata kama anajua kuogelea, na kila mmoja awe na mtu mzima wake ndani ya maji. Msikae zaidi ya nusu saa kwa mkupuo. Maji yetu ni ya joto, lakini mtoto mwembamba hutetemeka mapema kuliko unavyodhani. Midomo ikianza kubadilika rangi, toka naye, taulo na chai ya tangawizi vikiwa tayari botini.

Fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana ni bora kuliko chupa ya mafuta ya jua. Mgongo hauungui, na maji hayapati kemikali zinazodhuru matumbawe. Miguuni vaeni sandak, vile viatu vya plastiki, kwa sababu mawe ni makali na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu wamejaa mashimoni. Mwiba ukimchoma mtu, loweka mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, kisha mpeleke zahanati.

Wafundisheni watoto kwamba matumbawe ni viumbe hai. Mwaka 1998, joto la bahari lilipopanda wakati wa El Niño, mengi katika pwani yetu yalipauka na kufa, na baadhi ya aina zake hukua takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Teke moja la mtoto linaweza kuvunja kazi ya miaka mingi. Hifadhi ya bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968, na tunaowaleta watoto leo tunafaidi amana ya watu waliojizuia. Baadhi ya manahodha watakupa mkate uwalishe samaki ili wakuzunguke. Kataa kwa upole. Kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, kisiinuliwe kwa ajili ya picha, na makombe yabaki yalipo. Badala yake, mwonyeshe mtoto pono akitafuna mwamba, umwambie asikilize: ile sauti ya kukwaruza husikika wazi chini ya maji, na mchanga mweupe anaouchezea ufuoni sehemu yake hutoka tumboni mwa samaki huyo. Wangu hawakuongea habari nyingine hadi chakula cha usiku.

Ada ya hifadhi hulipwa kwa mtandao kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, si kwa fedha taslimu, basi malizeni usiku wa kuamkia safari mkiwa na vitambulisho mkononi.

Siku baada ya boti iwe ya kutofanya kitu. Kodini nyumba yenye mpishi, mnunue changu mlangoni kwa mvuvi, apikwe wa kupaka, mle wali wa nazi na mlale mchana. Magofu ya Gede, yaliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024, yako karibu, na asubuhi moja inayatosha.

Na kama mmekuja na bibi asiyetaka kulowa, ulizeni boti yenye sakafu ya kioo. Mpe kiti katikati ambako haiyumbi sana, mfunike kwa leso mabegani, na mtoto mmoja akae naye amtajie samaki wanaopita.