Supachaja kwa Gari la Nyanda za Juu: Tazama Mlima Kabla ya Nguvu za Farasi

Nilipoamua kuiongezea nguvu Toyota Mark II yangu, yenye injini ya 1JZ-GE, nilichagua supachaja, yaani pampu inayosukumia injini hewa ya ziada, ya aina ya sentrifugo kwa sababu ni rahisi kufunga: hukaa ubavuni mwa injini kama altaneta, huzungushwa na mkanda, na manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, haiguswi. Nilitazama nguvu za farasi zilizotajwa na muuzaji, sikuzitazama barabara ninazopita kila wiki hapa Mbeya.

Supachaja ya aina hiyo husukuma hewa kwa feni ndogo inayozunguka kwa kasi kubwa mno, na msukumo wake hufuata takriban mraba wa mizunguko ya injini, yaani mizunguko ikipungua kwa nusu, msukumo unaobaki ni kama robo. Sasa fikiria uko nyuma ya lori lililosheheni, unapanda kutoka Uyole kuelekea Isyonje, injini iko kwenye mizunguko 2,500, na upenyo wa kulipita umepatikana. Hapo ndipo nilipohitaji nguvu, na hapo geji yangu haikufika hata psi 2 (psi ni kipimo cha msukumo wa hewa). Nguvu ilikuja karibu na mizunguko 5,000, wakati kona nayo imeshafika.

Supachaja za aina nyingine mbili, Roots (yenye rota mbili zinazosukuma hewa) na ile ya skrubu pacha, husukuma takriban kiasi kilekile cha hewa kwa kila mzunguko, kwa hiyo msukumo huupata mara tu unapokanyaga mafuta. Roots haibani hewa ndani yake, huipeleka tu kwenye manifoldi ikabanwe huko, ndiyo maana huipasha joto zaidi. Skrubu pacha hubana ndani na hewa hutoka na joto dogo, ila bei yake ni kubwa.

Jambo lililonigharimu zaidi, hata hivyo, ni mwinuko. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa Dar es Salaam. Supachaja huzidisha hewa inayoikuta, hivyo iliyopangwa kutoa psi 8 pwani huonyesha kama 6.5 huku kwetu. Fundi wangu alinishauri tufunge puli ndogo, inayoizungusha supachaja kwa kasi zaidi, ili turudishe psi 8, nami nikakubali kwa furaha. Mwezi uliofuata niliteremka Kitonga kwenda Dar. Tulipofika tambarare za Mikumi, saa saba mchana, geji ilipita 9, injini ikaanza kugonga (yaani mchanganyiko wa mafuta na hewa kujiwasha wenyewe kwenye silinda) kila nilipokanyaga mafuta, na kabla ya Morogoro gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua.

Kwa hiyo puli ipimwe kwa sehemu ya chini kabisa utakayofika, si kwa Mbeya. Kwa anayeishi milimani na kupita malori kila siku, ningechagua Roots yenye intakula (kipoza hewa) nzuri. Sentrifugo ningempa anayekimbiza gari kwenye barabara ndefu zilizonyooka.

Ukinunua Roots iliyotumika, zungusha rota zake kwa mkono, usikilize beringi, kisha uchungulie mafuta ya gia zake, ambayo kwa nyingi hayachanganyiki na oili ya injini. Yakinuka kuungua, iache dukani.