Vitabu na vitu vya kuchezea kwa shule ya kijijini: nawajibu

Wiki hizi mmeniuliza sana namna ya kuchangia vitabu na vitu vya kuchezea kwa shule za msingi za vijijini. Nimefundisha Singida miaka mingi na misaada nimeipokea kwa mikono yangu, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Shikamoo Mwalimu. Wanangu walisoma shule ya mchepuo wa Kiingereza na sasa wamekua. Nina maboksi matatu ya vitabu vyao vya hadithi. Je, shule ya kijijini kwetu Iramba itavitaka? (Mama, Tabata)

Marahaba mama. Vitapokelewa, maana mwalimu wa kijijini hakatai mgeni. Lakini pokea na soma ni mambo mawili. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo tu. Huko kwenu watoto wengi wanatoka nyumbani na Kinyiramba, Kiswahili chenyewe wanakwenda kukinoa darasani. Vitabu vyenye picha kubwa na maneno machache peleka, vitawafaa wa madarasa ya juu. Riwaya nene zipeleke sekondari ya kata.

Kisha, ukijaliwa, nunua hadithi za Kiswahili. Zipo nzuri: Mkuki na Nyota wanachapa, na mradi wa Children's Book Project for Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umetoa vitabu vingi vya watoto kwa Kiswahili. Nunua nakala kadhaa za kitabu kimoja, ili watoto wawili wawili wasome ukurasa uleule pamoja na mwalimu.

Tuliwahi kuletewa maboksi kutoka ng'ambo. Ndani mlikuwa na miongozo ya kompyuta za zamani na vitabu vya kupika keki. Tulisaini, tukapiga picha, yakaingia stoo, mchwa wakamaliza kazi. Aliyetuma alitumia fedha nyingi na nia yake ilikuwa safi, ndiyo maana bado inaniuma. Mwaka huohuo mzazi mmoja alishuka kwenye basi na nakala kumi na mbili za hadithi moja ya Kiswahili. Watoto wakazivalisha makaratasi ya kaki. Msichana wa darasa la nne aliazima moja Ijumaa, Jumatatu mvua ikamkuta njiani. Alifika amelowa chapachapa, kanga ya mama yake inachuruzika maji, na katikati ya ile kanga, ndani ya mfuko wa plastiki, kitabu kikavu.

Nianzie kwa nani, ofisi ya wilaya au shuleni? (Msomaji, Mwanza)

Shuleni. Mpigie mwalimu mkuu, umuulize wanafunzi ni wangapi kila darasa, wanakosa nini, na vitabu vitakaa wapi. Yeye atawahusisha kamati ya shule na afisa elimu kata. Siku ya makabidhiano orodha iandikwe, isainiwe, iingie kwenye leja, lile daftari la vifaa, viwe mali ya shule. Walimu huhamishwa, na kilichokabidhiwa mtu mkononi huondoka na mtu. Kama hakuna kabati, ongeza tranka la chuma lenye kufuli. Panya na mchwa hawaliwezi.

Niko Birmingham. Tunakusanya midoli na magari ya kuchezea, tunataka kuyatuma kwa meli. (Mtanzania, Uingereza)

Ndugu yangu, piga hesabu kwanza: meli, ushuru na gharama za bandarini, lori hadi kijijini. Ukimaliza utaona hela hiyo ingenunua vingi zaidi hapahapa. Gari la betri linakufa betri zikiisha, na mdoli mmoja mbele ya watoto sabini wa darasa la awali ni ugomvi wa asubuhi nzima.

Walimu wa awali hutengeneza kona za kujifunzia kwa vizibo vya soda, punje za mahindi, mabua na udongo wa mfinyanzi. Wasaidie hapo. Seremala wa mjini Singida atakukatia vipande vya mbao vya maumbo mbalimbali, avipige msasa vizuri visichome vidole. Ongeza kamba za kuruka na mipira, ya miguu na midogo ya rede. Na tafadhali, mipira iende na pampu pamoja na sindano zake. Nimeona mipira mizuri ikikaa bila upepo muhula mzima kwa kukosa sindano.

Nina vitabu vya kiada vya zamani. Nipeleke? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na vitabu vya kiada ni vile vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Lakini kama una kamusi au ramani, peleka hata leo.

Tupige picha na watoto tukikabidhi?

Ombeni ruhusa kwa mwalimu mkuu na wazazi. Mtoto asipangwe kuinua zawadi mbele ya kamera ili aonekane mhitaji. Yule ni mwanafunzi.

Mwalimu mwenzangu, sisi vitabu tunavyo. Mkuu wetu amevifungia ofisini, anaogopa vitachanika. (Mwalimu, Manyoni)

Usimlaumu. Kitabu kikipotea yeye ndiye anayeulizwa na leja. Mwondolee hofu: peleka hoja kamati ya shule ikae, iandike kwenye muhtasari kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kitaondolewa kwenye orodha kwa saini za kamati, bila mtu kudaiwa. Kisha omba vitabu kumi tu, kipindi cha mwisho Ijumaa, darasa moja. Teua wanafunzi wawili waandike nani kachukua kipi. Weka gundi, sindano na uzi mezani, watoto wenyewe washone vinavyofumuka. Baada ya mwezi mwonyeshe mkuu lile daftari la kuazima, majina yote na tarehe za kurudisha, ndipo umwombe kumi vingine.