Kuongeza madarasa skulini: nyumba ya pili ingoje

Ndugu yangu, umeuliza kama skuli yenu ya kutwa hapo Fuoni, Unguja, iliyoanza na maandalizi na sasa imefika darasa la nne, ifungue madarasa mawili kwa pamoja mwakani na ikodi nyumba ya pili. Kwa maoni yangu, pandisheni darasa moja tu, na nyumba ingoje. Wazazi wengi huja kwenu kwa kuukimbia msongamano wa skuli za serikali, ambazo baadhi yake zimekuwa zikisomesha kwa mikondo miwili, asubuhi na mchana. Nanyi mkijaza watoto hamsini chumbani, ada watailipia nini? Katika skuli moja niliyowahi kusomesha, ukumbi uligawanywa kwa plaiwudi, hata watoto wa darasa la pili wakawa wanaitikia hesabu za darasa la tatu (walimu wawili waliondoka kabla ya Ramadhani). Saa za chuoni, yaani madrasa ya Kurani, pia mziangalie, kwani mtoto anayechelewa chuo humkera mzazi kuliko ada. Ombi la usajili wa darasa jipya lipelekeni mapema Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, kabla hamjapokea hata mtoto mmoja.