Rekodi mbili za Simfoni Namba 6 ya Tchaikovsky: ubaki na ipi?

Una rekodi mbili za simfoni hii ya mtunzi Mrusi na unataka kubaki na moja, lakini zote mbili unaziona "nzuri tu"? Usianzie mwanzo. Nenda katikati ya sehemu ya kwanza, klarineti inaposhuka hadi kunong'ona. Noti nne za mwisho Tchaikovsky aliipa fagoti, ala ya kupuliza yenye sauti nzito, akaziwekea alama sita za p (p ni ishara ya kupiga kwa sauti ndogo; zikiongezeka, sauti hushuka zaidi). Waongozaji wengi wa okestra huzihamishia klarineti besi, yaani klarineti ya sauti nzito, maana fagoti haikubali kunyamazishwa hivyo kirahisi. Ongeza sauti mpaka uzisikie noti hizo, kisha usiguse kitu. Papo hapo okestra nzima hulipuka. Usiposhtuka, fundi wa sauti amepunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Tarumbeta zikikwaruza, huenda maikrofoni zilizidiwa.

Machi (muziki wa gwaride) ya sehemu ya tatu iruke, karibu kila okestra nzuri huipiga ikapendeza.

Kipimo hasa ni mwanzo wa sehemu ya nne. Wimbo unaousikia hapo haupigwi mzima na yeyote: violini za kwanza na za pili hupokezana noti moja moja. Vaa hedifoni. Kama makundi hayo yameketi kushoto na kulia, noti zitarukaruka kutoka sikio hadi sikio. Yakirundikwa yote kushoto, hila hiyo imepotea, hata wapigaji wawe hodari vipi. Wimbo ukirudi baadaye violini za kwanza hupewa wote, kwa hiyo linganisha mahali hapo pawili.

Karibu na mwisho upatu mkubwa hupigwa mara moja tu, kwa sauti ndogo. Mvumo wake ufifie chini ya tromboni. Ukisikika kama sufuria iliyoanguka, maikrofoni ilisogezwa karibu mno.