Pedali za kufunga kiatu: jifunze kwanza kutoa mguu
Mkuu, umeuliza kama mtu anayepita Barabara ya Bagamoyo kwenda kazini anaweza kutumia pedali za baiskeli za kufunga kiatu, zile zinazonasa kipande cha chuma kilichofungwa chini ya soli, bila kujiumiza. Anaweza, mimi napita hapohapo nazo. Ila usianzie barabarani.

Wengi wanaogopa mwendo. Kwa nilivyoona, hatari iko kwenye kusimama: daladala inaingia kituoni ghafla mbele yako, umebana breki, baiskeli imetulia, mguu bado umefungwa. Hapo unalala chini kama gunia. Kwa hiyo ukihisi tu kwamba huenda utasimama, toa mguu kwanza, breki baadaye. Mimi hutoa wa kushoto, maana ndiko ukingo wa barabara uliko, na mwili nauelemeza hukohuko. Ukitoa wa kushoto halafu uzito ukaenda kulia, hakuna wa kukuokoa.

Kutoa ni kusukuma kisigino nje. Usivute mguu juu. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilipotengeneza pedali zake miaka ya 1980 ilichukua ujuzi wa vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ambavyo huachia kiatu mguu ukijipinda.

Nunua SPD, aina ya pedali za kampuni ya Shimano ambazo chuma chake hufungwa kwenye kiatu kwa bolti mbili. Chuma hicho kinazama ndani ya soli, hivyo utatembea sokoni bila kuteleza. Zile za bolti tatu ni za mashindano, achana nazo kwa sasa. Kama utapata chuma cha SH56, chenye herufi M, kichukue: kinaachia kirahisi kuliko kile cha SH51. Kisha legeza springi ya pedali inayobana chuma, kwa spana ya pembe sita ya milimita 3. Pedali inayofunga pande zote mbili ina skrubu kila upande, kwa hiyo ziko nne jumla kwa pedali zote mbili. Mafundi wengine hulegeza mbili wakaona wamemaliza.

Shika ukuta, funga, toa, mpaka kisigino kizoee. Halafu tafuta uwanja wenye nyasi. Wakati wa kuondoka weka gia nyepesi na usiinamie pedali kuitafuta. Kanyaga hivyohivyo uvuke makutano, utafunga mbele.

Goti likiuma, geuza chuma kidogo kabla hujalaumu siti. Na bolti zikaze tena baada ya safari za mwanzo. Zikilegea, kiatu kinazunguka peke yake huku chuma kimeng'ang'ania pedali, na mguu hautoki hata ujipinde vipi.